Ukumbi Ulipopiga Makofi

Wacha niseme mapema ili tusikosane: simchukii Yvonne. Watu wa mtaa wetu wa Burumba wakisikia nimemtaja hukaa tayari kusikia matusi, na ni kweli mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Lakini yule msichana sikumchukia hata siku yenyewe. Ningeweza kumchukia, moyo ungepumzika kidogo.

Mimi ni Nerima, muuza mayai. Mayai yenyewe yanatoka upande wa Uganda. Asubuhi na mapema navuka mpaka, nachukua trei zangu kwa mama mmoja Mganda ambaye hacheki na mtu, nazifunga kwa kamba, nazibeba kichwani hadi upande wetu, halafu nazunguka nazo kwenye hoteli za mjini Busia kabla wapishi hawajaanza kukaanga. Kazi ya mayai haitaki mtu wa haraka, wala haitaki mtoto mgongoni. Mtoto akirusha mguu mara moja tu, faida ya wiki iko chini inateleza.

Na mimi mtoto ninaye. Sharlyne alikuwa anakaribia miaka mitatu wakati watafiti walipofika mtaani kwetu. Ana kifafa. Baba yake, Mulama, alipoona mtoto ameanguka mara ya pili alisema anaenda Malaba kutafuta kibarua cha kuosha malori. Kibarua akapata, na bibi mwingine akapata, na habari ya kurudi nyumbani ikaishia huko. Kwa hiyo shida yangu ilikuwa moja, na mpaka leo ni hiyo hiyo: nikiwa kazini, nani atakaa na Sharlyne?

Usidhani sikutafuta. Jirani yangu mmoja alikaa naye siku chache, akamwona akianguka, jioni akanirudishia mtoto pamoja na leso yake akisema hataki kesi. Kuna beibikea, nyumba ya kulea watoto mchana, karibu na stendi, pahali pazuri, sakafu ya simiti, picha za wanyama ukutani. Wakampokea vizuri. Lakini kila jioni namkuta mtoto amelala fofofo, mate yanamtoka, na mwenye beibikea ananiambia ati Sharlyne ni mtoto mpole sana. Mpole wa wapi? Sharlyne akiwa macho hata paka anahama nyumba. Siku moja nikanusa kikombe chake, nikasikia harufu ya dawa ya kikohozi. Yale niliyosema pale siwezi kuyarudia, kwa sababu mimi bado ni mshirika wa kanisa. Nikambeba mtoto wangu nikaondoka.

Ndiyo nikafika kwa Akiror.

Akiror ni Mteso wa Angurai, mwanamke mpana, sauti yake ni ya kuitia ng'ombe. Alikuwa amepanga chumba kimoja kwenye ploti ya mabati nyuma ya ghala la mahindi, na humo ndani alikuwa analea watoto wetu, watoto wa akina mama wa mpakani: wauza nyanya, wabeba mizigo, wauza mitumba, na mimi. Geti lake lilikuwa la rangi ya samawati. Mpwa wake alikuwa amechora bata wawili juu yake, lakini bata mmoja hana miguu kwa sababu rangi iliisha. Watoto walimwita Toto, ambayo kwa Kiteso ni mama, na sisi wakubwa tukafuata.

Nilipomfikia siku ya kwanza nilianza na lile neno baya ili tusipotezeane wakati. Nikamwambia, "Toto, huyu mtoto ana kifafa."

"Anakula nini?" akauliza.

"Nimesema huanguka."

"Nimesikia. Nimekuuliza anakula nini."

Hapo nikalia, mimi ambaye watu wa soko wananiogopa. Nikamwambia anakula uji na viazi, na hataki maharagwe. Akamchukua mkono akaingia naye ndani, na Sharlyne hakugeuka hata kuniangalia.

Sisemi Akiror alikuwa malaika. Alikuwa anafoka. Chumba kilikuwa na giza na watoto walikuwa wengi, ukifungua mlango unaona macho tu. Mvua ikinyesha jiko la makaa lilikuwa linaingia ndani, na choo kilikuwa kimoja cha ploti nzima. Yote hayo tuliyaona. Lakini jioni ukifika unamkuta mtoto ameshiba, yuko macho, anakasirika kwa nini umekuja kumchukua mapema. Kwa mwaka mzima nilivuka mpaka nikiwaza mayai peke yake, na mtu ambaye hajawahi kuwa mimi hawezi kujua hiyo ni raha gani.

Yvonne alikuja na wenzake kutoka taasisi fulani ya utafiti huko Nairobi. Walitaka kujua watoto wa akina mama wa mpakani wanalelewa na nani, ili serikali itunge sera. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari. Nilimwambia hivyo akacheka, akasema mama yake ni mwalimu na nyumbani kwao ukikosea unarudia. Alinipenda, na mimi nikampenda.

Kabla hajaniuliza swali lolote alinisomea maneno ya kuomba ruhusa yangu, kutoka kwa ile simu yao pana ambayo wenyewe wanaiita kishikwambi. Maneno marefu. Ati naweza kukataa, ati naweza kuacha katikati. Halafu akafika hapa: "Jina lako halitatajwa, na hakuna madhara yoyote yatakayokupata wewe au mtoto wako kwa kushiriki katika utafiti huu."

"Dada," nikamwambia, "hata kuvuka barabara kuna madhara."

Akacheka. "Mama Sharlyne, ni lazima niyasome. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

"Basi nimekubali. Uliza."

Akauliza mpaka chai ikapoa. Nani anamlisha, nani anamwogesha, nani anamtuliza akilia. Kila swali jibu lilikuwa sisi wawili, mimi na Akiror, Akiror na mimi. Mwishowe akaomba nimwonyeshe huko kwa Akiror.

Alikaa huko asubuhi nyingi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kona na kutazama. Sheria yao inasema mtazamaji hagusi mtoto, hasaidii, hasemi neno, ili aone mambo yanavyokwenda kama kwamba hayuko. Akamweleza Akiror hivyo, kwamba amekuja kutazama tu. Akiror akamwekea mtoto mchanga mapajani na kumwambia, "Tazama ukishika huyu." Siku hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu Sharlyne akaanguka mbele yake. Sikuwepo, Yvonne mwenyewe alikuja kunihadithia jioni, amekaa kwenye kiti changu cha plastiki. Alisema alishikwa na woga hata akasahau kama ana miguu. Akiror alimlaza mtoto ubavu, akamwekea leso chini ya kichwa, akasukuma jiko mbali kwa mguu, akawaambia watoto wengine kwamba Sharlyne anaenda kidogo na atarudi. Na wale watoto wadogo, hakuna aliyelia. Waliketi chini wakamzunguka, wakaanza kuimba ule wimbo wa Kiteso ambao Akiror huwalaza nao mchana, polepole, mpaka Sharlyne akafungua macho.

"Nimezunguka kaunti nyingi," Yvonne akaniambia. "Sijaona kitu kama hicho. Watu wanapaswa kujua."

Nilimshukuru. Nilimfungia na mayai ya kubeba.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo watu hunikatiza. Watafiti huja Busia kila siku. Huyu anauliza habari za malori, yule habari za ugonjwa, mwingine anahesabu vyandarua. Wanaandika, wanaondoka, na hatuoni hata kivuli chao. Yvonne aliahidi kwamba yeye atarudi kutuonyesha alichokiona, na akarudi kweli. Mtu mwingine angetuma barua pepe kwa wakubwa basi. Yeye alikodi ukumbi wa kanisa, akaleta viti, akaleta soda, akaalika akina mama wote wa mpakani, na akaalika wakubwa wa kaunti, ili wakubwa wasikie mbele yetu na sisi tusikie mbele yao. Alifanya vizuri kuliko wote waliomtangulia, na ndiyo maana ilituumiza.

Akiror alikuja na gomesi yake ya zambarau, lile gauni refu la Kiganda la mabega juu ambalo hulivaa harusini na mazishini. Aliketi karibu nami, Sharlyne katikati yetu akinyonya soda kwa mrija.

Yvonne akasimama. Mwanzoni alisema mambo ya asilimia, watu wakapiga miayo. Halafu akaweka karatasi chini, uso ukabadilika, akasema anataka kutueleza habari za mlezi mmoja. Hakumtaja jina. Alisema, "Tutamwita Mama Neema," kwa sababu sheria yao ni kuficha majina. Akaeleza kuhusu chumba kimoja chenye giza na watoto wengi wanaocheka. Akaeleza jiko linalosukumwa kwa mguu. Akaeleza geti lenye bata wawili, mmoja hana miguu.

Bata wawili, Yvonne. Busia hii nzima geti kama hilo ni moja.

Watu wakaanza kunong'ona. Yeye hakusikia, alikuwa ameshaingia kwenye hadithi ya mtoto aliyeanguka na watoto walioimba. Akafika kwenye wimbo. Na hapo Mama Adongo, muuza nyanya, ambaye mtoto wake pia alilelewa kwenye chumba hicho, akasimama akapiga vigelegele. "Ni Toto huyo," akasema. "Ni Toto wetu." Ukumbi wote ukageuka. Makofi yakaanza nyuma yakaja mbele mpaka mabati yakalia. Watu wakamshika Akiror mikono wakamsimamisha, akajifunika uso kwa mkono wa gomesi, analia na kucheka. Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto, kwa sababu sikuwahi kuona mtu yeyote akimpigia makofi mwanamke kwa kulea watoto wa wenzake. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Yvonne ndiye aliyepaswa kusema hapana, si huyu, mimi simtaji mtu. Kazi yake ilimtaka aseme hivyo. Lakini alikuwa na furaha ya mtu ambaye amebeba zawadi kutoka mbali na mwenye zawadi amepatikana. Alinyoosha mkono, akamwita Akiror mbele jukwaani, naye akapanda.

Kwenye safu ya tatu aliketi mama mmoja wa idara ya afya ya kaunti. Alipiga makofi pia, nilimwona kwa macho yangu. Makofi yalipotulia akainua mkono kwa adabu.

"Nimefurahi sana," akasema. "Naomba kuuliza tu. Huyu mama ana leseni?"

Nikaona uso wa Yvonne ukibadilika rangi. "Samahani," akasema, "sisi hatutaji mtu. Ni mfano tu."

"Lakini mfano wenyewe umesimama hapa mbele," yule mama akajibu. Hakusema kwa ubaya. Akaandika kitu, akafunga kalamu yake.

Akiror akashuka akarudi kukaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leseni gani?" Nikamwambia tutaona. Sharlyne akaendelea na soda yake.

Yule mama wa afya alikuja baada ya siku chache. Mimi nilikuwa nimejitayarisha, nilikuwa na maneno ya kumpeleka hadi Kisumu kwa miguu. Nilimkuta kwenye mlango anatazama jiko, anatazama ule mlango mmoja, anatazama watoto waliolala wamebanana. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka. Nikaanza kufoka. Akaningoja nimalize.

"Mama," akasema, "moto ukishika humu, watoto watatoka kwa mlango gani?"

Nikautazama ule mlango, ni ule ule mmoja.

"Na siku hiyo wewe ndiwe utakayekuja ofisini kuniuliza nilikuwa wapi. Nimeshajua mahali hapa papo. Siwezi tena kusema sijui."

Alisema ukweli, na hiyo ndiyo inaniudhi mpaka leo. Nimeshindana na watu wengi katika maisha yangu, lakini kushindana na mtu ambaye hakukosea ni kujichosha. Alimpa Akiror muda atafute chumba kikubwa, choo cha watoto, mlango wa pili na leseni. Akiror angevitoa wapi? Sisi tulikuwa tunamlipa kwa pesa kidogo, wengine kwa nyanya na samaki. Mwenye ploti naye akaingiwa na woga, akamwambia ahame kabla hajaletewa matatizo.

Yvonne alipigiwa simu akaja kutoka Nairobi siku iliyofuata. Alipanda ngazi za ofisi moja hadi nyingine. Nilienda naye kwenye mojawapo, nikamsikia akimwambia mkubwa mmoja kwamba ripoti yake inasema walezi kama hawa wasaidiwe, wasifungiwe. Mkubwa akamwambia ripoti ni nzuri sana, itawafaa katika sera mpya, na sera mpya ikipita mambo yatakuwa mazuri. Kwa sasa sheria ni hii iliyopo. Akatupa chai. Yvonne hakuigusa.

Alipotoka nje alisimama kwenye jua. "Nilitaka wamjue," akaniambia.

"Wamemjua," nikasema. Ilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Akiror alifunga geti siku ya Ijumaa. Hakufoka siku hiyo, na watoto wakaona kuna kitu. Alikunja mikeka, akagawa vikombe, kila mtoto na chake. Alinionyesha tena jinsi ya kumlaza Sharlyne, ingawa nilijua, na mimi nikamwacha anionyeshe. Akapanda boda na masufuria yake akarudi Angurai kwa kaka yake, kulima mihogo. Tulisimama barabarani akina mama wote mpaka boda ikapotea.

Jumatatu asubuhi nilimtoa Sharlyne nje nifunge mlango. Nilipogeuka hakuwepo. Nikamkuta kwenye lile geti la bata, ana kikombe chake mkononi, anagonga. Akagonga, akangoja, akagonga tena. Alifanya hivyo wiki nzima. Siku ya mwisho akaweka kikombe chini, akaketi karibu nacho, akaanza kujiimbia ule wimbo wa Kiteso. Maneno hayajui, anaimba sauti tu.

Nilijaribu kwenda naye mpakani. Ningefanya nini? Nilimshika mkono, trei kichwani, tukavuka hivyo kwa siku kadhaa, na nikaanza kuamini inawezekana. Halafu akaanguka kwenye foleni. Nilitupa kila kitu nikamkamata. Nilimlaza ubavu, nikamwekea leso chini ya kichwa kama nilivyofundishwa, nimepiga magoti katikati ya ute na maganda, na watu wakarudi nyuma wakatuachia uwanja. Mwanamume mmoja akasema tusiguswe, inaambukiza. Hakuna aliyeimba. Nilijaribu kuimba mwenyewe nikashindwa.

Juma lililofuata nilimpeleka Sio Port, kule ziwani, kwa mama yangu.

Yvonne alirudi mwaka huu. Utafiti wao una awamu ya pili: wanawarudia watu wale wale kuona mambo yamebadilika vipi. Angeweza kuwatuma vijana wake, lakini alikuja mwenyewe, peke yake, akagonga mlango wangu jioni nikiwa nimeweka chai motoni. Alikuwa amepungua.

Alianza kusema samahani kabla hajakaa. Alisema anaamka nayo na kulala nayo, kwamba angejua angefunga mdomo, kwamba hadithi ile ilikuwa nzuri mno akasahau ni ya watu. Nilimwacha aseme yote. Halafu nikamwambia nilivyokuambia wewe, kwamba simchukii. Akalia zaidi. Labda matusi yangemsaidia, lakini jioni ile sikuwa nayo.

Akapangusa uso, akatoa kishikwambi. "Lazima nisome tena," akasema.

"Soma."

Akasoma. Naweza kukataa, naweza kuacha katikati, jina langu halitatajwa. Akavuta pumzi akaenda kwa sentensi nyingine.

"Umeruka pahali," nikamwambia.

"Najua."

"Pasome."

Sikusema ili kumtesa, Mungu ananiona. Nilitaka tu kusikia kama maneno yale bado yapo. Akarudi juu kwa kidole. "Na hakuna madhara," akasema. Akaanza tena, "Hakuna madhara yoyote," akakwama hapo hapo. Chai ilikuwa inafurika, nikainuka nikaiepua.

"Siwezi, Mama Sharlyne."

"Basi. Nimekubali hivyo hivyo. Uliza."

Akainamia ile simu. "Swali la kwanza. Kwa sasa, kuna mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi nawe katika nyumba hii?"

Akainua macho, na nafikiri ndipo alipoutazama ule mkeka mmoja, zile nguo za mtu mmoja kwenye kamba, na kikombe cha Sharlyne juu ya kabati kikiwa na kalamu na mishumaa.

"Yuko wapi?" akauliza. Hilo halikuwa swali la utafiti.

Nikamwambia. Yuko Sio Port. Mama yangu anaanika omena, wale samaki wadogo wa ziwani, kule ufuoni, na omena hazingoji mtu, lazima zigeuzwe jua likiwa kali. Ziwa liko hapo karibu. Mtoto wa kifafa na maji, hata wewe unajua. Kwa hiyo asubuhi mama anamfunga leso kiunoni, na ncha nyingine anaifunga kwenye nguzo ya kichanja cha omena. Si kwa ukatili. Mama yangu anampenda yule mtoto, anamfunga akilia. Ni leso ndefu, anaweza kutembea kidogo. Ninapoenda Jumapili namfungua, tunatembea ufuoni mpaka jioni. Ikifika saa ya mimi kuondoka, anaenda mwenyewe kusimama karibu na nguzo, anainua mikono ili afungwe.

Yvonne alifunika mdomo.

"Nikibonyeza hapana," akasema mwishowe, "inafunga. Utafiti huu ni wa akina mama wanaoishi na watoto wao. Wewe utatoka."

"Nitatoka kwenda wapi?"

"Kwenye hesabu. Hutakuwemo tena." Akaweka kishikwambi mapajani. "Mama Adongo ametoka hivyo hivyo mchana wa leo. Mtoto wake yuko kwa shangazi. Wengi wa wale wa kwa Akiror wametoka."

"Na waliobaki?"

"Waliobaki ni wale wa beibikea zenye leseni." Alisema kwa shida, kama anatema mfupa. "Wanaendelea vizuri. Ripoti itasema watoto wanaendelea vizuri."

Nikamimina chai kwenye vikombe viwili.

"Naweza kuandika ndiyo," akasema kwa haraka. "Ni mtoto wako. Ukimchukua hata wiki moja, naweza kusema anaishi hapa. Halafu nikuulize yote, uniambie yote, na iingie."

Nilimtazama yule msichana. Alikuwa tayari kudanganya kwa ajili yangu, yeye ambaye kwao ukikosea unarudia. Ningeweza kumwachia. Lakini niliwaza Sharlyne amesimama karibu na nguzo ameinua mikono, na karatasi huko Nairobi ikisema yuko hapa nami, ameshiba, analelewa.

"Yvonne," nikasema, "uliza tena."

"Mama Sharlyne."

"Uliza vile imeandikwa."

Akauliza. Kuna mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi nawe katika nyumba hii?

"Hapana."

Kidole chake kilikaa hewani, kisha kikashuka. Kile kioo kikageuka kijani, na maneno yakatokea ambayo hata mimi niliyasoma kutoka nilipokaa. Asante kwa muda wako. Mahojiano yamekwisha.

Chai ilikuwa bado moto. Mahojiano yangu yalikuwa mafupi kuliko yale maneno ya kuomba ruhusa.